Haki, Fidia na Upatanisho: Istilahi za Theolojia ya Kikristo mbele ya Kilelengwani

Utangulizi

Istilahi za theolojia ya Kikristo katika Kiswahili zimejadiliwa kwa muda mrefu, na kwa kawaida mjadala huo umepita katika njia mbili. Njia ya kwanza huuliza asili: je, neno ni la Kiarabu au la Kibantu, na kama ni la Kiarabu, limebeba Uislamu kiasi gani? Njia ya pili huuliza ulinganifu: je, neno linalingana na lile la Kigiriki au la Kiebrania lililokusudiwa kufasiriwa? Njia zote mbili zina manufaa, na hakuna mtafiti wa tafsiri za Biblia anayeweza kuziepuka. Hata hivyo, zote mbili hulichunguza neno likiwa limekwisha kutengwa na msemaji wake. Haziulizi swali la tatu: mtu akiisha kulitamka neno hilo mbele ya jirani yake, jirani anapata idhini ya kumdai nini?

Makala haya yanakusudia kulishughulikia swali hilo la tatu kwa kuchunguza istilahi tatu, yaani haki, fidia na upatanisho. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi hizi zina nguvu ya kitheolojia katika Kiswahili kwa sababu Kanisa halizimiliki peke yake. Zinatumika pia msikitini, mahakamani, sokoni na katika baraza la chifu, na matumizi hayo ya nje huzidai zitimize zinachokisema. Kwa hiyo juhudi za wafasiri za kuzitakasa au kuzibana, ingawa zilifanywa kwa nia njema, zimepunguza kitu ambacho theolojia yenyewe inakihitaji. Mahali panapotumiwa kuipima hoja hii ni Kilelengwani, katika delta ya Mto Tana.

Mahali na lugha yake

Kilelengwani ni kijiji cha nchi ya Garsen, upande wa Kipini na Ozi, karibu na mto unapoingia baharini. Eneo hili si la pembeni katika historia ya Kiswahili. Kipini ndiko mapokeo yanakoliweka kaburi la Fumo Liyongo, na kaskazini kidogo ya hapo ndiko Pate, ambako Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728. Utendi huo unasimulia vita baina ya Waislamu na Warumi wa Herekali. Hivyo basi, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Johann Ludwig Krapf kufika Mombasa mwaka 1844, washairi wa pwani hii walikwisha kuwa na lugha ya kuwazungumzia Wakristo na imani yao. Wamisionari hawakuikuta ardhi tupu. Waliyakuta maneno yenye wenyewe.

Delta hii pia ni mahali ambapo Ukristo na Uislamu vimekaa ubavu kwa ubavu kwa zaidi ya karne moja. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi Ngao mwaka 1887, miongoni mwa Wapokomo. Kabla yao kidogo Wamethodisti walikuwa wamefungua kituo Golbanti, ambako John Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886. Kutokana na kazi hiyo, Wapokomo wengi wa sehemu za chini za mto ni Wakristo, ilhali wengi wa sehemu za juu ni Waislamu, kama walivyo Waorma ambao ni wafugaji. Kila jamii ina lugha yake ya nyumbani. Lakini wakulima na wafugaji wanapokutana kuzungumza juu ya njia za mifugo kwenda mtoni, lugha wanayokutana nayo ni Kiswahili.

Tarehe 10 Septemba 2012 kijiji cha Kilelengwani kilishambuliwa na watu 38 wakauawa, miongoni mwao wanawake, watoto na maafisa wa polisi. Lilikuwa tukio moja katika mfululizo wa mashambulizi ya kulipizana kisasi baina ya Wapokomo na Waorma. Tarehe 22 Agosti mwaka huohuo zaidi ya watu 50 walikuwa wameuawa Riketa. Hadi mapema mwaka 2013 waliopoteza maisha katika mashambulizi hayo walizidi 100. Mgogoro haukuwa wa dini. Ulihusu ardhi, malisho na maji, na ulichochewa na siasa za kuelekea uchaguzi wa Machi 2013. Hata hivyo, maneno yaliyopatikana kwa ajili ya kusema juu yake baada ya mazishi yalikuwa kwa sehemu kubwa maneno ya dini: toba, msamaha, haki, fidia, upatanisho. Mhakiki wa lugha hana budi kuuliza maneno hayo yalikuwa na uwezo gani.

Haki

Neno haki limetokana na Kiarabu, ambamo hubeba maana ya ukweli na ya stahili, nalo ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu katika Uislamu. Katika Kiswahili limeenea zaidi. Mtu hula kiapo kwa haki ya Mungu, hakimu hutoa haki, mrithi hupata haki yake, na methali huagiza kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sarufi nayo husaidia kuliacha neno wazi. Haki ni nomino isiyobadilika katika umoja na wingi, kiasi kwamba ni kiunganishi tu kinachotenga haki ya Mungu na haki za binadamu. Kile ambacho lugha kadhaa za Ulaya hukigawa katika maneno mawili, moja la sifa ya mwenye kutenda yaliyo sawa na jingine la stahili ya mtu, Kiswahili hukiacha kitu kimoja chenye pande mbili.

Wafasiri wa Biblia iliyotolewa mwaka 1952 walilitumia neno hili kufasiri dikaiosune ya Kigiriki, na kwa fundisho la Paulo juu ya kukubaliwa kwa mwenye dhambi wakaunda istilahi kuhesabiwa haki. Istilahi hiyo imelaumiwa mara nyingi kuwa si Kiswahili cha kawaida. Lawama ina msingi, kwani msemaji wa kawaida huhesabu mbuzi au fedha, na mtu kuhesabiwa haki ni muundo uliofinyangwa kwa ajili ya fundisho. Ni dhahiri pia kwamba istilahi yenyewe inaelemea upande mmoja wa mabishano ya karne ya 16. Kitenzi kuhesabu kinakubaliana na mafundisho ya Luther, kwamba mwenye dhambi hutangazwa kuwa na haki asiyokuwa nayo, kuliko kinavyokubaliana na mtaguso wa Trento uliosisitiza mwaka 1547 kwamba mtu hufanywa mwenye haki kwa kweli. Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi tamko lao la pamoja juu ya jambo hili huko Augsburg mwaka 1999, msomaji wa Kiswahili alikuwa bado na istilahi iliyokuwa imechagua upande.

Njia mbili za kuepuka tatizo hili zimejaribiwa. Ya kwanza ni ya Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937. Roehl aliamini kwamba Kiswahili cha Kikristo kinapaswa kupunguza mzigo wa Kiarabu, na kwa sababu hiyo aliweka wongofu mahali pa haki na kutegemea mahali pa kuamini. Uamuzi wa pili ni wa kuvutia, kwa kuwa kumtegemea mtu ni tendo lenye uzito unaoonekana. Ule wa kwanza, hata hivyo, unadhihirisha udhaifu wa kufuata asili peke yake. Kuongoka ni kitenzi cha Kibantu bila shaka, lakini katika matumizi ya Waislamu wa pwani uongofu ndilo neno la mwongozo wa Mwenyezi Mungu, na Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy analitumia hivyo katika tafsiri yake ya Kurani ya mwaka 1969. Roehl aliukimbia Uislamu kwa mlango wa mbele akakutana nao uani. Shina la Kibantu halilinyang'anyi neno historia ya watu walioliombea.

Njia ya pili ni ya Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990. Hapa kuhesabiwa haki kumeachwa, na badala yake mtu hukubaliwa kuwa mwadilifu. Sentensi imekuwa nyepesi na msomaji haelemewi. Lakini uadilifu ni tabia ya mtu mmoja. Mtu anaweza kuwa mwadilifu peke yake shambani kwake, na shahidi anaweza kuitwa mwadilifu mbele ya kadhi kwa sababu ya mwenendo wake. Haki, kwa upande mwingine, haiwezi kukaa kwa mtu mmoja. Kila itajwapo, huwapo mwenye kuistahili na mwenye kuitoa. Badiliko hilo limeziba njia iliyokuwa wazi baina ya kukubaliwa mbele ya Mungu na kumpa jirani kilicho chake.

Umuhimu wa njia hiyo unaonekana katika delta. Mkristo wa Kilelengwani akisikia kanisani kwamba amehesabiwa haki, kisha akaenda barazani kunakojadiliwa haki ya kufika mtoni, amelisikia neno lilelile mara mbili. Anaweza kudhani kwamba ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Anaweza pia kutambua kwamba aliyepewa haki asiyoistahili hana pa kusimama akimnyima mwenzake haki anayoistahili. Utambuzi huo wa pili ndio hasa anaoutaka Paulo katika barua kwa Warumi, ambamo sura za kwanza juu ya haki ya Mungu hufuatwa na sura za mwisho juu ya namna ya kumkubali jirani. Neno haki linamsaidia msomaji kuuona uhusiano huo bila maelezo. Neno uadilifu linahitaji mahubiri.

Fidia

Katika Injili ya Marko, Yesu anasema kwamba amekuja kuitoa nafsi yake, na kitu kinachotolewa kinaitwa kwa Kigiriki lutron, yaani malipo ya kumtoa mtumwa au mateka. Kiswahili kimekifasiri kwa neno fidia. Nalo limetoka Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu fidia hutolewa, kwa mfano, na mtu asiyeweza kufunga Ramadhani, na karibu yake liko neno dia, yaani malipo ya damu iliyomwagwa. Katika Kiswahili cha serikali fidia ni malipo ya mali iliyochukuliwa au kuharibiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inadai malipo ya haki kwa yeyote ambaye ardhi yake inatwaliwa kwa manufaa ya umma.

Msikilizaji wa Kiswahili anapolisikia neno hili huuliza maswali matatu mara moja: nani analipa, nani analipwa, na kwa hasara gani? Maswali hayo ni ya kale katika theolojia. Origene alifikiri kwamba shetani ndiye aliyelipwa. Anselm wa Canterbury alilikataa jibu hilo mwishoni mwa karne ya 11, akadai kwamba kilichotimizwa ni deni la heshima ambalo mwanadamu alikuwa nalo kwa Mungu. Gustaf Aulén, katika kazi yake ya mwaka 1930, alilirudisha wazo la ushindi dhidi ya nguvu zilizomteka mwanadamu. Wote hao walihitaji kufikia swali la mlipaji na mlipwaji kwa hoja ndefu. Msemaji wa Kiswahili huanza nalo.

Pwani ya Kenya inalo pia kumbukumbu lake la jambo hili, na kumbukumbu hilo ni chungu. Watumwa waliookolewa baharini waliwekwa Freretown, karibu na Mombasa, kuanzia mwaka 1875, nao walisikia habari ya ukombozi wakiwa watu waliokuwa na bei jana yake. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani mwaka 1907, sheria iliweka malipo, na walioandaliwa malipo hayo walikuwa mabwana, kwa hasara ya kuwapoteza watumwa wao. Aliyetumikishwa hakulipwa kitu. Theolojia ya fidia inayofundishwa kwenye pwani hii bila kulikumbuka jambo hilo inaacha swali la pili bila jibu. Katika Injili mateka ndiye anayefaidika na malipo. Katika sheria ya mwaka 1907 aliyefaidika nayo alikuwa mwenye kumteka.

Kwa watu ambao nyumba zao zilichomwa mwaka 2012, swali la fidia halikuwa la kitaaluma. Hapa inafaa kuonya juu ya matumizi mabaya ya istilahi. Kuna mahubiri yanayoweza kusema kwamba maadamu fidia ya wote imekwisha kutolewa msalabani, aliyepoteza mume au mifugo asidai tena. Hoja hiyo inatumia neno moja huku ikilinyang'anya maana yake. Fidia ya msalaba, kwa mantiki ya neno lenyewe, inakiri kwamba hasara ilikuwa ya kweli na kwamba ilikuwa lazima mtu aigharimie. Anayelitumia neno hilo kufuta madai ya mfiwa ameigeuza habari ya malipo kuwa ruhusa ya kutolipa.

Upatanisho

Istilahi ya tatu ni ya Kibantu. Kupata, kupatana, kupatanisha: viambishi vinaonyesha njia nzima. Waliopatana wamepatana wote wawili, kila mmoja akiwa amepata kitu kwa mwenzake. Ndiyo maana muuzaji na mnunuzi hupatana bei, na ndugu waliogombana hupatana baada ya wazee kuingilia.

Jambo la kustaajabisha ni kazi ambayo Biblia ya mwaka 1952 imelipa shina hili. Kigiriki kina katallage, kurudisha uhusiano uliovunjika, na kina hilasmos, tendo la kafara linaloondoa dhambi. Kiebrania kina shina la kuifunika dhambi kwa damu, ambalo limeipa sikukuu ya Kiyahudi jina lake. Maneno hayo yenye mizizi tofauti yamekusanywa katika Kiswahili chini ya shina moja: huduma ya upatanisho, siku ya upatanisho, na Kristo mwenyewe kuwa kipatanisho. Mwanafunzi wa Kigiriki anaweza kulalamika kwamba tofauti muhimu imepotea. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanatazama upande mmoja wa hesabu. Upande wa pili ni kwamba Mkristo wa Kiswahili hawezi kuzungumza juu ya kafara ya Kristo bila kulitumia neno linalomwita akapatane na jirani, wala hawezi kuhubiri kupatana bila kulikumbuka neno la damu iliyomwagwa. Gharama na amani zimefungwa kamba moja.

Inafaa kulilinganisha neno hili na lile lililochaguliwa na dola. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Kenya iliunda chombo kilichojulikana kwa Kiswahili kama Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambacho kilitoa ripoti yake Mei 2013, miezi michache tu baada ya mauaji ya delta. Maridhiano yametokana na kuridhia. Ni hali ya nafsi: watu wawili wanaweza kuridhiana kwa kuchoka, au kwa kuwa hawana nguvu ya kuendelea. Kupatana kunahitaji kitu kinachopatikana. Waislamu wa delta wanalo neno suluhu, ambalo katika fikihi ni mkataba wenye masharti, na kwa hali hiyo liko karibu na upatanisho kuliko maridhiano yalivyo. Mchungaji na imamu wanaokaa katika baraza moja hawahitaji kufikia fundisho moja juu ya msalaba ili wakubaliane kwamba suluhu na upatanisho vyote vinauliza masharti ni yapi.

Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inaisifu utata. Istilahi ya kitaalamu, pingamizi linasema, inapaswa kuwa na maana moja, na kanisa linalotumia neno lenye maana nne linawafundisha waumini wake makosa manne. Pingamizi hili lina uzito. Mkristo anayesikia kuhesabiwa haki kama ahadi ya kushinda kesi ya shamba amekosea, na mwalimu wa katekisimu ana wajibu wa kumsahihisha. Aidha, kuna hatari ya kinyume, ya theolojia kugeuzwa kuwa lugha ya madai tu, kila upande ukitaja haki yake na kuisahau ya mwenzake. Katika delta haki ya mkulima juu ya shamba la ukingo wa mto na haki ya mfugaji ya kunywesha ng'ombe wakati wa kiangazi hugongana, na neno lenyewe haliamui nani apishe.

Lakini ni lazima kutenga utata unaoficha na wingi wa maana unaofunua. Utata hufunikwa na msemaji ili asidaiwe. Wingi wa maana wa haki, fidia na upatanisho unafanya kinyume chake, kwani unampa msikilizaji sababu zaidi za kumdai msemaji. Kumsahihisha anayechanganya kuhesabiwa haki na hukumu ya mahakama kunafaa kufanywe kwa kuonyesha uhusiano wa mambo hayo mawili, kwa kuwa neno jipya lisilo na jirani litamfanya asahau kwamba uhusiano upo. Kuhusu mgongano wa haki mbili, ni kweli kwamba neno haki haliumalizi. Hapo ndipo istilahi ya tatu inapoingia, kwa kuwa kupatana ndiyo kazi inayofanywa na watu wawili ambao kila mmoja ana haki.

Hitimisho

Uchunguzi huu umejaribu kuonyesha kwamba ubora wa istilahi ya kitheolojia katika Kiswahili haupimwi kwa asili yake wala kwa ulinganifu wake na Kigiriki peke yake. Wongofu wa Roehl ni wa Kibantu na bado una historia ya Kiislamu. Uadilifu wa Habari Njema ni mwepesi na bado umepoteza jirani. Kuhesabiwa haki ni muundo mzito, lakini umelibakiza ndani ya Kanisa neno ambalo mfugaji na mkulima wanalihitaji wote wawili. Kwa sababu hiyo, wafasiri wa siku zijazo wanashauriwa kuirekebisha sarufi ya istilahi hiyo bila kuliondoa neno haki.

Kazi iliyobaki ni ya utafiti wa uwandani. Kilugha cha Kipokomo kilipata Agano Jipya kwa juhudi za Ferdinand Würtz wa Ngao mwanzoni mwa karne ya 20, na Waorma wana msamiati wao wa kale wa dini, uliotangulia Uislamu. Namna msamiati huo wa lugha mbili unavyokutana na haki, fidia na upatanisho wa Kiswahili katika vinywa vya watu wa Garsen, Ngao, Ozi na Kilelengwani ni mada inayostahili tasnifu. Mwanafunzi atakayeishika itambidi asikilize mahubiri ya Jumapili, hotuba za Ijumaa na kumbukumbu za baraza kwa pamoja, kwa kuwa ni kwa kuzilinganisha hizo tatu tu ndipo itakapojulikana kila neno linamruhusu nani kumdai nani.